Jinsi ya kuchagua springi za kushusha gari lililoinuliwa: mwongozo kwa wasafirishaji wa Bugarama na Rumonge

Pikapu nyingi zinazoteremsha mihogo, ndizi na mafuta ya mawese kutoka milima ya Bugarama hadi mwambao wa Ziwa Tanganyika hazikununuliwa mpya. Zimepita kwa wenyeji wengine kwanza. Baadhi zilifanya kazi katika njia mbovu na mwenyewe akaziinua kwa kuongeza mabapa ya springi. Zinapoingia katika biashara ya mizigo kwenye barabara ya ziwani, kimo hicho kinageuka kuwa gharama, na mara nyingine kuwa hatari.

Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua springi za mabapa kwa ajili ya kushusha gari la aina hiyo, vitu vinavyopaswa kubadilishwa pamoja nazo, na karatasi zinazohitajika springi zinapovushwa mpaka.

Jibu kwa ufupi ni hili: springi huchaguliwa kwa uzito wa mzigo unaoubeba siku nyingi, si kwa sentimita unazotaka kupunguza. Ukipata springi inayolingana na mzigo wako, kimo kitajirekebisha chenyewe. Ukianza na kimo na kusahau mzigo, utarudi gereji kabla ya mwaka kwisha.

Kwa nini kushusha

Bugarama ilikuwa sehemu ya Bujumbura Vijijini hadi mwaka 2015, ilipowekwa katika mkoa mpya wa Rumonge pamoja na Burambi, Buyengero, Muhuta na Rumonge yenyewe. (Mwaka 2025 mipaka ya utawala ilibadilishwa tena na Burundi ikabaki na mikoa 5.) Ardhi yake ni ya Mumirwa, yaani mteremko mkali unaounganisha tambarare ya Imbo na milima mirefu ya ndani. Uso wa ziwa uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na vilele vya milima hiyo vinapita mita 2,000. Gari linalotoka juu na mzigo hukata kona nyingi likiwa linategemea breki.

Katika mteremko wa namna hiyo, kimo cha gari si jambo la sura. Uwezo wa gari kukataa kupinduka kwenye kona hukadiriwa kwa kugawa upana kati ya tairi la kushoto na la kulia kwa mara mbili ya kimo cha kitovu cha uzito. Tuchukue mfano wa pikapu yenye upana wa sentimita 145 na kitovu cha uzito kilicho sentimita 80 kutoka ardhini. Hesabu inatoa 0.91. Ukiinua gari hilo sentimita 10, inashuka hadi 0.81. Umepoteza zaidi ya asilimia 10 ya usalama wako kabla hujapakia dumu hata moja juu ya mihogo.

Sababu ya pili ni barabara yenyewe. Barabara ya Taifa namba 3, inayotoka Bujumbura kupitia Gitaza, Magara na Rumonge kuelekea Nyanza-Lac, iliwahi kufungwa na maporomoko ya udongo huko Gitaza mwaka 2015. Mwezi Novemba 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mradi wa kuboresha kilomita 45 kati ya Rumonge na Gitaza, pamoja na kilomita 260 za Kabingo, Kasulu hadi Manyovu upande wa Tanzania. Kadiri lami inavyoongezeka ndivyo faida ya gari lililoinuliwa inavyopungua. Gari la juu hukamata upepo zaidi na hunywa mafuta zaidi, jambo zito katika nchi iliyokumbwa na uhaba wa petroli na dizeli mara kwa mara katika miaka ya karibuni.

Sababu ya tatu wanaijua wapakiaji. Dumu la lita 20 la mawese lina uzito wa kilo 19 hivi pamoja na chombo chake. Kulipandisha kwenye bodi iliyo juu mara 40 kwa safari moja ni kazi inayolipiwa.

Kwanza jua gari liliinuliwa vipi

Usinunue springi kabla hujaingia chini ya gari. Kuna njia tano zinazotumika kuinua, na kila moja inaondolewa kwa namna yake.

1. Mabapa yaliyoongezwa. Utayatambua kwa rangi, unene au kutu isiyofanana na ya mengine. Mara nyingi bapa lililoongezwa ni nene kuliko yale ya asili.

2. Springi nzima iliyobadilishwa na kuwekwa yenye upinde mkubwa. Hapa mabapa yote yanafanana, lakini gari likiwa tupu springi inaonekana imejikunja kama upinde wa mshale.

3. Kipande cha chuma kilichowekwa kati ya springi na ekseli ya nyuma. Hiki ndicho rahisi kuliko vyote kuondoa. Kikiwa kimewekwa kwenye ekseli ya mbele, kiondolewe siku hiyohiyo, kwa sababu nguvu za usukani na breki zinaweza kukichomoa.

4. Vishikio vya mwisho wa springi vilivyorefushwa. Kishikio kikiongezwa sentimita 5, gari hupanda nusu yake, yaani sentimita 2.5 hivi.

5. Springi iliyohamishwa kutoka chini ya ekseli kwenda juu yake. Kurudisha hii kunahitaji fundi wa kuchomelea anayeaminika, na wakati mwingine ni nafuu kutafuta ekseli nyingine.

Aina ya gari nayo ni muhimu. Toyota Land Cruiser za mzigo za kabla ya mwaka 1999 zina springi za mabapa mbele na nyuma. Tangu mabadiliko ya mwaka huo, zile za namba 79 zina springi za mviringo mbele na mabapa nyuma. Hilux za magurudumu manne zilizokuwa na mabapa mbele zilikoma mwishoni mwa miaka ya 1990. Kwa hiyo mwenye Hilux ya miaka ya karibuni atumie mwongozo huu kwa nyuma tu. Mbele anahitaji ushauri tofauti, na asishushe nyuma peke yake mpaka gari likaangalia juu.

Hesabu ya springi

Springi ina sifa mbili, nazo huchanganywa mara nyingi. Ya kwanza ni upinde, yaani imejikunja kiasi gani ikiwa haina mzigo. Ya pili ni ugumu, yaani inahitaji kilo ngapi ili ishuke sentimita moja. Gari linaweza kuwa juu kwa sababu ya upinde, kwa sababu ya ugumu, au kwa yote mawili.

Ugumu hutegemea sana unene wa bapa. Unene ukiongezeka, ugumu huongezeka kwa kujizidisha mara tatu. Bapa la milimita 8 si gumu kidogo tu kuliko la milimita 7. Ni gumu kwa karibu asilimia 50 zaidi, urefu na upana vikiwa sawa. Ndiyo maana bapa moja nene lililookotwa kwenye lori na kuingizwa katika pikapu hulifanya gari lirukeruke likiwa tupu na kuvunja mabapa membamba yaliyo jirani nalo.

Kupima ugumu hakuhitaji mashine. Simamisha gari mahali tambarare. Pima kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa bodi juu yake. Kisha weka mifuko 10 ya saruji ya kilo 50 juu ya ekseli ya nyuma, sukuma gari mbele na nyuma kidogo ili springi zitulie, upime tena.

Tuseme kipimo kimeshuka kutoka sentimita 56 hadi 51. Kilo 500 zimeshusha sentimita 5, yaani springi zote mbili za nyuma kwa pamoja zinahitaji kilo 100 kwa kila sentimita. Gari jingine likishuka sentimita 2.5 tu kwa mifuko hiyohiyo, springi zake ni ngumu mara mbili.

Sasa pima nafasi kati ya ekseli na mpira wa kuzuia mgongano ulio chini ya chasisi, gari likiwa tupu. Ikiwa ni sentimita 14 na mzigo wako wa kawaida ni kilo 800, springi ya kilo 100 kwa sentimita itashuka 8 na kukuachia 6 za kupokea mashimo. Hiyo inafaa. Gari hilohilo likibeba kilo 1,200 litabakiwa na sentimita 2, na ekseli itagonga kila shimo. Mwenye mzigo huo asitafute springi laini ili ashuke chini. Atafute gari kubwa zaidi.

Kosa la kawaida ni kuchagua kwa mzigo mkubwa kuliko yote uliowahi kubeba. Msafirishaji anayebeba tani moja mara 2 kwa mwezi na kilo 500 siku nyingine zote anapaswa kuchagua springi ya kilo 500 hadi 700, na siku za tani moja aende polepole au agawe safari.

Njia za kushusha, kuanzia bora

Kurudisha springi za asili. Hii ndiyo njia ya kwanza kufikiria. Springi ya kiwandani imepangwa pamoja na shokapu, breki na propela shafti ya gari hilo. Kama springi za zamani zilihifadhiwa na hazijalegea, gharama yake ni bushi na boliti tu.

Kuondoa mabapa yaliyoongezwa. Inafaa kama mabapa ya asili yote bado yapo na hayana nyufa. Bapa la kwanza, lenye macho mawili ya kufungia, haliguswi. La pili, ambalo mara nyingi hulizunguka jicho la la kwanza ili kulikamata likivunjika, nalo halitolewi. Ondoa lile lililoongezwa, pande zote mbili sawasawa.

Kununua springi mpya ya kiwango cha kawaida. Inafaa pale springi iliyopo imechoka, imeinama upande mmoja au imechanganywa mabapa ya magari tofauti. Nunua jozi. Springi mpya upande mmoja na ya zamani upande wa pili hulifanya gari lilale.

Kupunguza upinde kwa mashine ya kukandamiza, chuma kikiwa baridi. Fundi mwenye mashine na uzoefu anaweza kufanya kazi nzuri, ila kila bapa lazima lipindwe kwa kiasi kinacholingana na mwenzake.

Njia moja isitumike kabisa: kupasha bapa moto mpaka likawa jekundu na kulinyoosha kwa nyundo. Chuma cha springi hupata uwezo wake kwa kupozwa na kupashwa tena kwa joto linalodhibitiwa kiwandani. Moto wa mkaa bila kipimo huondoa uwezo huo. Bapa hilo litalala baada ya safari chache, au litavunjika ghafla. Njia hii ni rahisi siku ya kwanza, na ghali siku springi inapokatika mteremkoni ekseli ikahama mahali pake.

Vipimo vya kupeleka dukani

Jina la gari halitoshi, kwa kuwa springi za matoleo mawili ya gari moja zinaweza kutofautiana. Mwenye duka, awe Bujumbura, Kigoma au Dar es Salaam, apewe yafuatayo:

- Upana wa bapa. Hilux nyingi hutumia milimita 60 na Land Cruiser 70, lakini pima mwenyewe.
- Unene wa kila bapa, kwa milimita.
- Idadi ya mabapa, ukitaja ya asili na yaliyoongezwa.
- Urefu kutoka jicho la mbele hadi boliti ya katikati, na kutoka boliti hiyo hadi jicho la nyuma. Mara nyingi sehemu hizo mbili hazilingani.
- Kipenyo cha bushi na cha kichwa cha boliti ya katikati.
- Usukani uko upande gani. Baadhi ya springi hutofautiana kidogo kushoto na kulia ili kusawazisha uzito wa dereva na tangi. Magari yaliyotoka Japani yana usukani kulia, na mengi yaliyotoka nchi za Ghuba yana usukani kushoto. Springi zikibadilishana pande, gari linaweza kulala kidogo upande mmoja.

Kwa mafundi wanaotumia Kifaransa, bapa ni "lame" na springi ni "ressort". Ukiagiza kwa simu kutoka Bujumbura, taja maneno hayo ili usiletewe springi ya mviringo.

Springi ya mtumba ikaguliwe kwenye jua, baada ya kusuguliwa kwa brashi ya waya. Tafuta ufa karibu na tundu la boliti ya katikati na karibu na macho. Weka springi mbili chini, moja kando ya nyingine, ulinganishe upinde. Zikitofautiana kwa zaidi ya sentimita moja, si jozi.

Vitu vinavyofuatana na springi

Kushusha gari kwa springi peke yake ni nusu ya kazi.

Shokapu. Aliyeinua gari huenda aliweka ndefu. Gari likishuka, shokapu ndefu hufika mwisho wake kabla ya ekseli kugusa mpira, na hupasuka au kung'oa kishikio. Weka za urefu wa asili.

Valvu ya breki za nyuma. Pikapu nyingi zina valvu inayosoma umbali kati ya ekseli na chasisi kwa kijiti cha chuma. Gari likikaa juu, valvu hudhani halina mzigo na hupunguza breki za nyuma. Likishushwa bila kurekebisha kijiti, hudhani limejaa, na magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga likiwa tupu kwenye mvua. Mwambie fundi aipime valvu hiyo kabla hujamlipa.

Propela shafti. Kama vipande vya kabari viliwekwa kugeuza pembe ya difu, viondolewe pamoja na kile kilichoinua. Mtetemo unaoanza baada ya kushusha gari ni dalili kwamba pembe si sahihi.

Matairi. Matairi makubwa yaliyowekwa gari lilipokuwa juu yanaweza kugusa bodi linapojaa au linapokata kona. Yajaribu likiwa na mzigo.

Boliti za umbo la U. Zikishafunguliwa, nunua mpya. Boliti iliyokwisha kuvutika haikazi tena kama mwanzo.

Mpakani: ushuru na karatasi

Katika orodha ya ushuru inayotumiwa na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, springi za mabapa na mabapa yake ziko kwenye namba 7320.10, pamoja na bidhaa za chuma. Haziko kwenye 8708 ya vipuri vya magari, ingawa wengi huziandika hapo. Shokapu ndizo zilizoko 8708.80, na boliti ziko 7318. Mzigo wenye vitu vyote vitatu ukiandikwa kwa namba moja tu ya vipuri unaweza kusimamishwa ili urekebishwe, na siku za kusubiri zinalipwa na mwenye mzigo.

Cheti chepesi cha asili, kinachotumika kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ni kwa bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya. Springi iliyotengenezwa Kenya inaweza kustahili. Springi iliyotengenezwa Japani au China haistahili hata kama imenunuliwa Kigoma, kwa hiyo tunza risiti inayoonyesha ushuru ulikolipwa.

Katika anwani ya mzigo usiandike "Bugarama" peke yake. Ipo Bugarama nyingine katika njia panda ya barabara za Taifa namba 1 na namba 2, upande wa Muramvya, na ya tatu iko Rwanda, karibu na mpaka wa Burundi na Kongo, penye kiwanda cha saruji. Andika "Bugarama, Rumonge", na ikiwezekana taja kituo cha barabara ya ziwani kama Magara.

Wenye Canter na Fuso wakumbuke jambo jingine. Sheria ya Jumuiya ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwezi Machi 2019, inahusu magari ya tani 3.5 na zaidi. Mizani husoma uzito ulio kwenye ekseli. Kuongeza mabapa hakuongezi hata kilo moja ya uzito unaoruhusiwa.

Baada ya kufunga

Boliti za bushi zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likiwa juu ya jeki, la sivyo mpira wa bushi hujikunja na kuchanika mapema. Baada ya safari za kwanza, kilomita 500 hivi, kaza tena boliti za U. Rekebisha taa, kwa kuwa pembe yake imebadilika. Rudia kipimo cha mifuko 10 ya saruji na uandike matokeo katika daftari la gari. Baada ya mwaka, kipimo hicho kitakuonyesha kama springi inalala.

Kwa upande wa fedha, linganisha njia zote kwa gharama ya kila safari, si kwa bei ya dukani. Jumlisha springi, shokapu, boliti na fundi, ugawe kwa idadi ya safari unazotarajia kabla ya kubadilisha tena. Springi iliyonyooshwa kwa moto inaonekana nafuu mpaka ugawe kwa safari chache inazodumu, na uongeze siku ambayo gari lililala njiani samaki wakaharibika. Kwa mtu anayeteremka kutoka Bugarama kila alfajiri na mzigo, safari hiyo moja iliyopotea inaweza kuzidi bei ya jozi nzima ya springi.